Dola 63 za viatu vya watoto: kisa cha skoa iliyoshuka karibu pointi 100

Kisa hiki ni cha jamaa yetu mmoja wa Houston, Mtanzania, kaingia Marekani 2018 kwa grini kadi ya bahati nasibu, ana mke na watoto wawili, anaendesha foklifti kwenye ghala. Jina nimeliacha. Mwenyewe kasema andika tu, maana kwenye grupu la WhatsApp kila mtu alikuwa na maelezo yake kuhusu kilichompata na karibu yote yalikuwa ya kukisia. Mimi nimeziona ripoti zake zote tatu za mikopo, nimeona stetimenti za kadi, nimeona na barua alizojibiwa, kwa hiyo hapa siongei ya kuambiwa.

Mambo yenyewe yako hivi. Oktoba 2023 skoa yake ya FICO, ile namba wakopeshaji wa huku wanayoangalia kupima kama utalipa, ilikuwa 765. Januari 2024 kaenda kuulizia mkopo wa gari, afisa wa mikopo kamgeuzia skrini, inasoma 668. Hajafilisika, hajanyang'anywa gari, hajakimbia deni la mtu. Katikati hapo alifiwa na baba yake, akaenda nyumbani wiki kama saba, akarudi. Hakuna kingine kilichotokea, au ndivyo alivyodhani.

Tuanze na alivyojenga hiyo 765 maana bila hapo hutaona kwa nini ilidondoka vile. Alipofika hakuwa na skoa kabisa, na hili wengi wanalichanganya, wanafikiri mgeni anaanza na skoa mbaya. Hapana, anaanza hana skoa, kompyuta haina cha kusoma. FICO, kampuni inayoitengeneza hiyo namba, wanataka angalau akaunti moja yenye umri wa miezi sita na taarifa yoyote iliyopelekwa ndani ya miezi sita ya mwisho, ndo namba inatoka. VICOBA alichokuwa mweka hazina kule Dar, mkopo wa bodaboda aliomaliza kulipa kabla ya muda, hakuna hata kimoja kilichohesabika huku. Akaanza 2019 na kadi ya dhamana, unaweka dola 300 benki na wao wanakupa limiti, yaani mwisho wa kukopa, ya 300 hizo hizo, akawa anajazia mafuta na kulipa, anajazia na kulipa. 2021 akapata kadi ya kawaida limiti 2,500 na mkopo wa gari la kwanza. 2022 wakaenda kwenye duka moja kubwa lile la kila kitu, nguo mpaka fanicha, kununua sofa, dada wa kaunta akawaambia mkichukua kadi ya duka leo mnapunguziwa bei, wakachukua, limiti 1,200. Hiyo kadi ya duka iweke akilini.

Miaka yote hiyo hakuchelewa hata mwezi mmoja. Na hapo ndo penye uzito, kwa sababu FICO wenyewe wanasema namba yao inayoanzia 300 kwenda 850 inatengenezwa na historia ya malipo kwa asilimia 35, halafu kiasi unachodaiwa hasa ukilinganisha na limiti zako asilimia 30, umri wa akaunti 15, na mbili zilizobaki, akaunti mpya na mchanganyiko wa aina za mikopo, kumi kumi. Mshahara haumo humo. Akiba haimo. Hela unayotuma nyumbani kila mwisho wa mwezi haimo. Kodi ya nyumba mara nyingi haimo, labda mwenye nyumba awe anairipoti. Mchezo wa kina mama ambao shemeji, mke wake, anatoa bila kukosa tangu 2020, huo ndo kabisa hakuna anayeujua. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mwaminifu kwa hela kuliko wote mtaani na bado mashine ikawa inamsomea kwenye vikadi vitatu na gari moja tu. Sisemi ni haki, nasema ndo inavyofanya kazi.

Waliotoka Kenya wana mazoea ya kuiona CRB, ofisi ya kule ya taarifa za wakopaji, kama mahali ambapo jina lako likifika ujue mambo yameharibika. Huku hayo mazoea yanapoteza watu. Kila mwenye kadi au mkopo wa gari tayari yuko ndani, Equifax, Experian na TransUnion, zile ofisi tatu zinazotunza ripoti, wanaletewa taarifa zake mwezi kwa mwezi, za kulipa na za kutolipa, na huyu jamaa miaka minne mfululizo alikuwa anaandikiwa mazuri bila kujua kuna mtu anaandika.

Sasa turudi Novemba. Baba kafariki, jamaa kakata tiketi ya haraka, Houston kupitia Doha mpaka Dar, dola 1,940, kaiweka yote kwenye ile kadi ya limiti 2,500. Maana yake kadi ilijaa karibu asilimia 78 kwa siku moja. Na likizo haikuwa ya malipo, kwa hiyo hilo deni likakaa pale linasubiri, analipa kiwango cha chini tu kila mwezi.

Aliporudi na ile 668 ikaonekana, grupu zima likatoa hukumu ndani ya dakika kumi: tiketi. Umejaza kadi, ndo imekuua. Na mtu ukiangalia juujuu unaona wana haki kwa sababu ndo deni kubwa kuliko yote aliyokuwa nayo, elfu mbili kasoro. Mimi sikubaliani na hiyo hukumu na sababu iko kwenye hesabu. FICO waliwahi kutoa mifano yao mwaka 2010, mtu wa 780 akijaza kadi mpaka mwisho anapoteza pointi 25 mpaka 45, mtu wa 680 anapoteza 10 mpaka 30. Ni mifano, si sheria, na mafaili hayafanani, lakini inakupa ukubwa wa kitu. Jamaa alipoteza 97. Tiketi peke yake haiwezi kufanya hiyo kazi. Kuna kitu kingine humo.

Nikamwambia usiangalie namba tena, vuta ripoti. Ripoti ni bure, annualcreditreport.com, zamani ilikuwa mara moja kwa mwaka kwa kila ofisi, sasa hivi unaweza kuvuta kila wiki. Tukakaa na laptop mezani. Ukurasa wa mkopo wa gari: visanduku vya miezi vimejipanga mstari kwa mstari, Januari mpaka Desemba, kila kimoja OK, OK, OK. Kadi ya dhamana, OK mpaka mwisho. Kadi ya tiketi, hapa yeye alishika kichwa akitegemea madoa, wapi, OK zote, Novemba OK, Desemba OK. Deni lake kubwa kuliko yote halikuwa na doa hata moja, maana kile kiwango cha chini kilikuwa kinakatwa otomatiki kwa tarehe yake, na kwa upande wa historia ya malipo kulipa kiwango cha chini kwa wakati ni kulipa kwa wakati, mashine haikudai zaidi ya hapo. Ukweli ni kwamba riba inakutafuna, ila hilo ni suala la mfuko wako, ripoti haina nalo habari.

Tukafungua kadi ya duka. OK, OK, OK, halafu Desemba 2023 kisanduku kimoja cha rangi tofauti, ndani yake 30. Chini kabisa wameandika: kuchelewa siku 30, mara 1, siku 60, mara 0, siku 90, mara 0. Kiasi kinachodaiwa sasa hivi, 0. Akaniambia hii kadi sina deni nayo, sofa tulimaliza kulipa zamani, na kile kibili nilichokikuta niliporudi nimeshakilipa. Shemeji akaita kutoka jikoni, na vile viatu vya watoto?

Viatu. Dola 63.

Hapa kwenye viatu nataka tukae kidogo kwa sababu namna ilivyotokea ndo somo zima, na hakuna mahali jamaa alifanya kitu cha kijinga. Mwanzoni mwa Oktoba wamenunua viatu kwa kadi ya duka. Stetimenti ikafunga tarehe 12 Oktoba, tarehe ya mwisho kulipa 6 Novemba. Kadi ilikuwa na malipo ya otomatiki tangu siku za sofa, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Lakini mwezi huo huo wa Oktoba kuna benki ilikuwa inatoa zawadi ya dola 300 ukihamishia mshahara wako kwao, jamaa akahama, akafunga akaunti ya zamani, akakaa chini akabadilisha kila kinachokatwa: gari, umeme, simu, kadi mbili. Kadi ya duka haikumjia akilini. Ilikuwa na salio sifuri, yaani haina deni, miezi mingi, na malipo ya otomatiki kwenye kadi yenye sifuri hayakati kitu, hayatumi ujumbe, yamelala tu.

Tarehe 6 Novemba yakaamka, yakaenda kukata 63 kwenye akaunti ambayo haipo tena. Hela ikagoma. Siku mbili tatu baadaye kampuni ya kadi ikatuma imeili kwamba malipo yako yamerudi, na kwa kuwa yamerudi wakaiondoa kabisa ile akaunti ya benki kwenye mfumo wao, yaani kuanzia hapo hakuna otomatiki tena. Imeili hiyo iliingia kwenye kundi la matangazo, katikati ya imeili za duka hilo hilo za punguzo la Black Friday, na iliingia siku ambazo mtu anapokea simu za pole na kutafuta tiketi. Alipofika Dar akaweka laini ya kule, namba ya Marekani ikawa imezimwa. Wakawa wanampigia, simu inaita hewani.

Tarehe 6 Desemba, siku 30 zimetimia. Ndo siku ile skoa ilipovunjika, na yeye yuko msibani Tanga hana habari.

Sasa hii siku ya 30 inabidi niieleze vizuri kwa sababu watu wetu wamegawanyika makundi mawili na yote yamepotea njia. Kuna wanaoamini ukichelewa siku moja tu umekwisha, akichelewa siku nne anakata tamaa anasema ah imeshaharibika basi nitalipa mwezi ujao, na hapo sasa ndo anaiharibu kweli. Na kuna wanaoamini mradi mwisho wa siku umelipa, hakuna neno. Ukweli uko katikati. Ukichelewa siku tano, siku kumi na mbili, siku ishirini na tisa, hilo ni kati yako na kampuni ya kadi, watakupiga faini, riba inatembea, unaweza kupoteza ofa uliyokuwa nayo, lakini mfumo wa kuripoti hauna kisanduku cha siku tano. Una kisanduku cha 30, cha 60, cha 90, cha 120, cha 150, na kwenye kadi ikifika 180 wanalifuta kwenye vitabu vyao kama deni lililoshindikana, ambalo hata hivyo bado unadaiwa. Kwa hiyo kati ya 6 Novemba na 6 Desemba jamaa alikuwa na mwezi mzima wa kulipa hata kwa simu akiwa Dar, na ripoti isingejua kitu. Na ndani ya mwezi huo asingehitaji hata hiyo 63 yote, kiwango cha chini kingetosha.

Karudi Houston tarehe 30 Desemba, kaiona bili tarehe 3 Januari, kalipa yote saa hiyo hiyo, na faini zake ilikuwa imefika kama dola 125. Hesabu: kutoka 6 Novemba mpaka 3 Januari ni siku 58. Siku mbili mbele angegonga 60, na 60 ni habari nyingine, inauma zaidi ya 30 na sheria inaruhusu kampuni kupandisha riba ya adhabu hata kwenye deni la zamani mtu akifika huko. Kwa hiyo kile kitendo cha kulipa siku ya kuona bili, kabla ya kuuliza mtu, kabla ya kugombana na huduma kwa wateja, ndo kitu bora alichofanya kwenye kisa chote hiki na hakuna aliyempongeza.

Swali alilouliza kwa hasira, na mimi namwelewa: dola 63? Mtu ana deni la gari la maelfu analipa bila kukosa, anapondwa kwa viatu? Kwenye historia ya malipo wanaangalia ulichelewa mara ngapi, ulichelewa kiasi gani, lini, na deni lilikuwa shilingi ngapi, sawa, kiasi kimo. Lakini hakuna mlango wa kutokea unaosema deni dogo linasamehewa. FICO 8 ina msamaha kwa madeni madogo ya chini ya dola 100 yaliyopelekwa kwa wakusanya madeni, na watu wanaichukua hiyo wanaivalisha kila kitu, ila kuchelewa kwenye kadi iliyo hai si hiyo. Kisanduku kinasoma 30, basi ni 30.

Kingine kilichomuumiza ni usafi wake mwenyewe. Ile mifano ya 2010 inasema mtu wa 780 akichelewa siku 30 anapoteza pointi 90 mpaka 110, wa 680 anapoteza 60 mpaka 80. Kanzu nyeupe ndo inaonyesha doa. Mwenye 620 mashine tayari inajua ana matatizo, doa moja zaidi halimwambii jipya sana, ila mtu wa 765 akichelewa kwa mara ya kwanza mashine inashtuka, inajiuliza huyu kaanza kulemewa? Na jamaa aliipa sababu ya kushtuka mara mbili kwa wakati mmoja, kadi imejaa asilimia 78 na kadi nyingine haijalipwa, mwezi mmoja. Kwa mtu anayejua msiba, hiyo ni safari ya msiba. Kwa kompyuta, hiyo ni sura ya mtu aliyeishiwa hela.

Sasa tujuaje ipi ilifanya nini, tiketi au viatu? Hapa bahati ilitupa jaribio zuri. Mwishoni mwa Februari rifandi, ile kodi ya mapato iliyozidi wanayokurudishia, ikaingia, jamaa akalipa deni lote la tiketi kwa mkupuo. Mwezi Machi, benki ilipopeleka salio jipya, skoa ikapanda kutoka 668 mpaka 694. Grupu likashangilia, si mmeona, ilikuwa tiketi. Halafu Aprili 696. Mei 699. Imekwama. Sehemu ya deni dhidi ya limiti, kwenye FICO wanazotumia wengi, haina kumbukumbu, inaangalia salio lililoripotiwa mara ya mwisho tu, ukilipa inasahau kwamba uliwahi kujaza. Kwa hiyo zile pointi 26 ndo mchango wa tiketi kwa makadirio, haziwezi kugawanyika kwa usahihi kama unga kwenye mizani lakini picha unaiona. Zile nyingine karibu 70 ni viatu. Na hizo hazirudi kwa kulipa, alishalipa Januari. Zinarudi kwa muda.

Ushauri aliopewa kwenye kipindi hicho, Mungu anisaidie. Wa kwanza, ifunge hiyo kadi ya duka na doa litaondoka nayo. Uongo. Kufunga kadi hakufuti historia yake, doa la kuchelewa linakaa miaka saba kadi iwe wazi au imefungwa, ndo sheria ya taarifa za mikopo ya 1970 inavyosema, na ukifunga unapunguza jumla ya limiti zako tu kwa hiyo unajiongezea tatizo. Wa pili, andika pingamizi kwamba hiyo kadi si yako. Pingamizi ni haki yako kabisa kama kuna kosa, ofisi ya ripoti ina siku 30 kuchunguza na kisichothibitika kinaondolewa. Ila kadi ni yake, viatu watoto wanavaa, kampuni itajibu imethibitishwa na umeshasema uongo kwa maandishi. Wa tatu ndo alinikera, kuna mtu anajiita mtaalamu wa kusafisha krediti, anataka dola 800 mbele halafu atafuta kila kitu ndani ya siku 45. Sheria ya Marekani ya 1996 inakataza hizo kampuni kuchukua hela kabla ya kumaliza kazi walioahidi, kwa hiyo mtu akikwambia nipe kwanza, hapo hapo kashakuambia yeye ni nani. Na akiendelea kukuambia kuna namba nyingine utatumia badala ya Social Security yako, ile namba yako ya serikali, ondoka, hiyo kesi ni ya polisi na utakayeshikwa ni wewe.

Ushauri wa nne unatolewa na watu wenye nia njema kabisa na umeenea kuliko yote: usilipe kadi yote, acha kabalansi kidogo kila mwezi ndo skoa inapanda. Jamani hapana. Kinachotakiwa ni kadi itumike na iripotiwe, basi. Stetimenti ikifunga inaandika salio, hilo salio ndo linapelekwa, wewe ukililipa lote kabla ya tarehe ya mwisho unakuwa umeonekana unatumia, umeonekana unalipa, na hujatoa riba hata senti. Hiyo riba mnayowaachia kila mwezi kwa kuamini mnajenga krediti mnajenga mjengo wa watu wengine. Na sheria ya kadi ya 2009 inawalazimu wakutumie bili angalau siku 21 kabla ya tarehe ya mwisho, na tarehe iwe ile ile kila mwezi, kwa hiyo nafasi ya kulipa yote bila riba ipo, tumia.

Halafu kuna mkanganyiko wa namba. Mwezi huo wa Januari apu yake ya bure ilikuwa inamwonyesha 690 na ushee, afisa wa mikopo anaona 668, jamaa akadhani anaibiwa. Apu nyingi za bure zinatoa VantageScore, skoa ya kampuni nyingine, wakopeshaji wengi wanatumia FICO, na FICO yenyewe ina matoleo, ya magari ina ngazi zake za 250 mpaka 900. Zote zinasoma ripoti zile zile. Ndo maana nikamwambia fuata ripoti, namba itafuata yenyewe.

Gari sasa. Gari la zamani lilikuwa linakufa na shemeji ana shifti za usiku nyumba ya wazee, hawakuweza kusubiri. Mkopo wa dola 22,000 miaka mitano, kwenye skoa ya 668 dila, muuza magari, akampa riba ya asilimia 13. Piga hesabu, ni kama dola 501 kwa mwezi. Nikamwambia usisaini, muulize mkeo skoa yake. Huku hakuna skoa ya familia, ndoa ni yenu lakini kila mtu ana faili lake, na kadi ya duka ilikuwa kwa jina la mume peke yake. Shemeji alikuwa na kadi yake moja na mkopo mdogo alioumaliza, hajawahi kuchelewa. Akaenda kredit yunioni, ushirika wa akiba na mikopo, ya kazini kwao, akauliza na sehemu nyingine mbili wiki hiyo hiyo, maana maombi ya mkopo wa gari yakifuatana ndani ya siku 14 FICO wanayahesabu kama moja, akapata asilimia 7. Dola 436 kwa mwezi. Tofauti ni 65 kila mwezi, miaka mitano ni karibu 3,900. Hiyo ndo ilikuwa bei halisi ya vile viatu kama wangekuwa na faili moja tu nyumbani.

Jamaa aliandika barua ya kuomba wamwondolee doa kwa hisani, hiyo inaruhusiwa, unakiri ulichelewa, unaeleza sababu, unaomba. Februari wakakataa. Aprili akaandika tena ofisi nyingine ya kampuni hiyo hiyo, safari hii akaambatanisha tiketi ya ndege na barua ya benki ya kufunga akaunti, wakakataa tena, wakasema wanawajibika kuripoti kilichotokea na kilichoripotiwa ni sahihi. Na ni kweli ni sahihi. Wengine nimeona wanakubaliwa, hasa mteja wa miaka mingi mwenye doa moja, hakuna kanuni, inategemea nani kaisoma barua siku hiyo. Nilimshauri asiandike ya tatu, akaandika, hawakujibu.

Desemba 2024 skoa ilikuwa 729. Doa lenyewe litatoka mwishoni mwa 2030 lakini halitakuwa na nguvu ile ile mpaka hapo, kila mwezi wa OK unaolifuata unalisogeza nyuma, na FICO wanajali zaidi ya juzi kuliko ya zamani. Kama hatojaza kadi tena atakuwa karibu na alipokuwa.

Nyumbani kwao wamebadilisha vitu vichache na nadhani vinafaa kuigwa. Kila kadi, hata yenye sifuri, imewekwa otomatiki ya angalau kiwango cha chini, halafu kinachozidi analipa kwa mkono. Ujumbe wa kadi zote unaingia kwenye simu mbili, yake na ya shemeji, kwa SMS siyo imeili. Kwenye friji kuna karatasi imeandikwa kila kinachokatwa na kinakatwa akaunti gani, na wamekubaliana benki ya zamani haifungwi mpaka ipite miezi miwili bila kitu chochote kukatwa pale. Mtu akisafiri, wiki ya safari anafungua kadi zote moja moja anaangalia, ikiwemo zile asizotumia. Hasa zile asizotumia.

Kadi ya duka bado iko wazi. Shemeji anataka ikatwe na mkasi mbele yake, jamaa anasema itabaki maana limiti yake inasaidia, wananunulia soksi mara moja moja ili kampuni isiifunge kwa kukaa bure. Mimi niko upande wa jamaa kwa hesabu, ila hiyo kesi naiacha ndani ya nyumba yao.